Bibi Asiyeitikia Shikamoo

Mimi ni fundi magari, na fundi hasadiki kitu mpaka akishike kwa mkono wake. Wengi wamekuja gereji kwangu Chanika, hapa Handeni, wakisema gari limerogwa. Nikafungua boneti, nikawaonyesha waya uliokatika, tukacheka. Kwa hiyo hili ninalokusimulia usidhani nimechanganyikiwa. Lilinipata mimi, mchana kweupe, akili zangu timamu.

Asubuhi ile shemeji yangu alipiga simu kutoka hospitali, Korogwe. Dada yangu Mwanahawa alitakiwa apasuliwe tumbo siku ile ile, na damu ya kundi lake haikuwapo. Katika familia yetu ni mimi tu ninayefanana naye damu. "Shemeji, mwisho saa nane," aliniambia. "Daktari anakusubiri wewe." Saa tano nilikuwa nimeshafunga gereji, gari limeshika kwa stata moja.

Nje kidogo ya mji alisimama bibi mmoja kando ya barabara, kaniki begani, kifurushi mkononi. Akanipungia. Hata nikiwa na haraka kiasi gani, ningempitaje mtu mzima juani na viti vyangu vitupu? Nikasimama. "Shikamoo, bibi." Akafungua mlango wa nyuma, akaketi. "Nishushe Old Korogwe," akasema.

Marahaba sikuisikia. Nikajiambia masikio yake yamechoka, nikaondoka. Pale ndipo nilipokosea.

Nusu ya njia hivi, kwenye mashamba ya mkonge, gari likazima. Halikukohoa wala kutikisika, lilizima tu. Nikapiga stata, injini inazunguka vizuri lakini haishiki. Nikashuka, nikafungua boneti. Betri nzima. Fyuzi nzima. Nikachomoa plagi moja, kavu na safi. Wakati huo bibi alikuwa ameshuka, akaingia kichakani kujisaidia. Nikajaribu tena, gari likawaka. Nikafurahi, nikamngoja. Alipoketi tu, likazima.

Unajua hasira ya fundi anayeshindwa na gari lake mwenyewe? Simu haikuwa na mtandao, na hakuna chombo kilichopita. Ilikuwa saa saba kasoro. Nikamfikiria Mwanahawa amelala kitandani anaangalia mlango, nikaapa kwamba gari hili nitalijua leo, hata kwa meno. Nikapima pampu, mafuta yanakuja. Nikapima moto wa plagi, upo. Gari lenye mafuta na moto linakataaje kuwaka? Bibi alishuka tena kunyoosha miguu, nami nikagusa swichi bila matumaini. Likawaka. Akarudi kitini, likazima.

Nikasimama barabarani na spana mkononi, jasho likanikauka.

Aliyenifundisha kazi alikuwa na sheria moja: badili kitu kimoja tu, uone, ndipo ubadili kingine. Mimi nilikuwa nimepima kila kitu ndani ya gari lile isipokuwa abiria. Niamini, niliona aibu hata kuwaza hivyo. Lakini kupima ni kupima. Nikarudi kwenye usukani.

"Bibi, samahani, naomba ushuke kidogo."

Akashuka. Likawaka. Nikamwomba apande. Likazima. Nikamwomba ashuke tena, na likawaka tena, likanguruma vizuri kama limetoka kufanyiwa sevisi.

Sasa ningefanya nini? Kumwacha bibi kizee juani katikati ya mkonge ni jambo ambalo mama yangu angenilaani kwalo. Yeye alikuwa amesimama, mkono kwenye mlango ulio wazi, akisema kwa upole, "Utaniacha hapa, mjukuu wangu?" Moyo uliniuma kweli. Ndipo nikakumbuka ile salamu. Nikamgeukia, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Shikamoo, bibi."

Akaniangalia. Swali la kumwacha alikuwa amelisema vizuri, na kila nilipomwomba ashuke alikuwa amesikia.

"Shikamoo, bibi," nikarudia.

Akatabasamu, lakini midomo haikufunguka. Niliogopa, sikufichi. Lakini dada yangu alikuwa na saa moja. Nikakanyaga mafuta na mlango wa nyuma ukiwa wazi, unapigapiga njia nzima. Kwenye kioo niliona barabara iliyonyooka, haina mtu.

Nilifika hospitali saa nane kasoro dakika chache. Wakanitoa damu, wakampasua, akapona. Namshukuru Mungu mpaka leo.

Siku ya tatu Mwanahawa alipoweza kuzungumza, aliniuliza yule bibi ni nani wetu. Bibi gani? "Wa kaniki," akasema. "Mchana ule alikaa miguuni pangu na kifurushi chake. Kila nikiuliza umefika wapi, ananiambia kaka yako hafiki leo. Mlango ulipogongwa ukaingia wewe, sikumwona tena." Nikamuuliza kama alimwamkia. Akasema alimwamkia mara mbili, akadhani bibi hasikii.

Kiti cha nyuma nilikitoa, nikakiacha gereji. Nimepoteza abiria wa njiani na jina zuri pia, maana watu wa Chanika husema fundi yule hana adabu, anawaamkia wazee huku mlango ameufunga. Waseme.

Maana mwezi uliopita, pale Kilole, mjini Korogwe, niliposimama kununua maji, mkono uligonga kioo changu. Kaniki begani, kifurushi mkononi. Nikasema shikamoo, nikangoja.

"Dada yako hajambo?" akaniuliza.

Niliondoa gari bila kuchukua maji. Nawe ukimwamkia mtu mzima barabarani, ngoja kwanza aitikie marahaba. Isipokuja, usifungue mlango, hata akikuita mjukuu.