Mwenye Kituo cha Njia ya Qurayyat

Nilipokuwa msichana wa miaka tisa, nyumba nzima iliamini kwamba nimemuua mdogo wangu ambaye hata hakuwahi kuzaliwa.

Tulikaa Al Amerat, huku Uarabuni, na kila tulipokwenda kwa jamaa zetu Qurayyat tulipita magofu ya kituo cha misafara: vyumba vya mawe visivyo na paa, kisima, na zizi la ngamia. Zamani wasafiri walilala hapo. Ila mwanamke hashuki. Jini wa kike anayemiliki kituo, tuliambiwa, hataki mwanamke mwengine. Atakayekanyaga pale, nyumbani kwake ataondoka mtoto. Wanaume walishuka, wakakojoa ukutani kwake, na hakuwafanya kitu. Hilo peke yake lingetosha kunitia shaka, lakini nilikuwa na miaka tisa.

Siku hiyo tairi lilipasuka palepale. Baba akihangaika na jeki, mimi nikateremka kuchungulia vyumba. Bibi, mama yake Baba, akaniita kutoka garini. "Rudi, mwanangu. Mama yako mja mzito." Nilirudi, lakini nilikwishakanyaga.

Wiki haikuisha, mimba ya Mama ikaharibika. Hakuna aliyenipiga. Shangazi alinitazama tu. Binamu yangu Khalfan ndiye aliyesema, "Paka wetu usimguse, tafadhali. Naye ana mimba." Watu wakacheka, na Bibi yupo.

Nilikaa na jambo hilo miaka kumi na miwili. Kisha mwaka jana timu yetu ya mdahalo chuoni ilikwenda Japani, tukalala katika mji mdogo uliokuwa kituo cha wasafiri kwenye barabara kuu ya kale. Mlangoni mwa kila nyumba pana kibao: nani aliiendesha, nani akamrithi. Nyumba tuliyolala iliwahi kuendeshwa na mjane, na jina lake limeandikwa. Nikajiuliza, chetu je, nani alikiendesha? Maana jini hawapikii wasafiri mikate.

Niliporudi nikamuuliza Bibi.

"Zuwena," akasema. "Mjane. Kituo chake, kisima chake. Shemeji zake wakivitaka, wakavumisha kuwa kaolewa na jini, wanawake wasimkaribie. Misafara ikamkimbia, akahama; baadaye watu wakamgeuza yeye ndiye jini. Mavyaa, mama yake babu yako, kanihadithia mwaka ule ule nilotoka Unguja."

"Ulikuwa unajua, Bibi? Ukaniacha?"

"Mie nimekuja hapa Kiarabu changu cha kuchekwa. Nikifungua mdomo, naambiwa Mswahili huyu, hajui mambo ya hapa. Habari ya jini ndiyo ya mwanzo nilojua sawa na wao. Ningeikataa, wangenihesabu nani?"

Ni hoja nzuri, na ninaikataa. Mashemeji walipata kisima, Bibi akapata ukoo, na mimi nikaachiwa maiti.

Nilimuuliza jambo moja zaidi: nilipokuwa nikijifungia chooni kulia, alikuwa akinisikia?

"Nikikusikia," akasema. "Kila siku."

Nampenda Bibi, na mchana ule tulikula sinia moja kama kawaida. Lakini nilielewa kwamba hakuwahi hata mara moja kumwogopa yule jini. Aliwaogopa watu waliokaa naye sebuleni, na mle ndani mdogo kuliko wote nilikuwa mimi.