Majani Thelathini na Manne

Paa la bati lina sheria moja, na fundi hukuambia mara moja tu, siku anapomaliza kazi: ukipanda, kanyaga penye misumari. Penye msumari kuna mbao chini yake. Pasipo na msumari kuna chumba chako cha kulala, na utafika huko haraka.

Mimi nauza vitu vilivyotumika: milango, madirisha, mabati yaliyokwisha kuifunika nyumba moja na bado yana nguvu ya kufunika nyingine. Kwa hiyo misumari ya paa langu pale mtaa wa Izia, Sumbawanga, naijua kwa idadi, na nimeihesabu mara mbili, maana hesabu ya kwanza huwa ni ya mtu mwenye haraka. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba nikiwa mtu mzima, mwenye mke na heshima ya kiasi sokoni, kila Jumapili baada ya misa ya kwanza ningekuwa nimekaa juu ya kofia ya paa, pale mabati ya pande mbili yanapokutana, kama njiwa, natafuta pembe ya kupiga picha.

Chanzo ni kikundi. Tulikuwa watu kumi na mmoja ndani ya simu, wote wa mji huu, tuliounganishwa na mapenzi ya minazi ya mapambo: ile inayosimama mbele ya mahoteli ya pwani, shina limenyooka, kichwa kama mwamvuli. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza kwa nini mti wa joto uje kuishi Ufipa, ambako mwezi wa sita hata mbwa anatamani koti. Mwenyekiti wetu, mzee mstaafu aliyejenga mtaa wa Malangali, alikuwa na minazi minne, na baridi ikiingia aliivisha magunia yote minne. Ukipita kwake jioni ungeapa kuna watu wanne wamesimama uani wanangoja kuhojiwa.

Desturi ya kikundi ilikuwa hii: kila Jumapili kila mtu apande paa lake, apige picha ya mtaa wake na mnazi wake ukiwemo, aitume. Masharti mawili tu: paa lako, mnazi wako. Tuliziita picha hizo "mandhari". Mtu akituma mabati sita, shamba la mahindi na jani moja la mnazi, wengine wote tunajibu: "Malangali inazidi kupendeza!" Na kabla ya kutuma, kila mmoja alikuwa anakata pembeni vitu visivyofaa. Ukizikusanya picha zetu zote utadhani Sumbawanga ni mji usio na mbuzi, usio na kamba ya nguo, wala mama hata mmoja anayeanika ulezi.

Tatizo langu lilikuwa mnazi wenyewe. Niliununua kwenye lori lililotoka Mbeya, nikapatana bei mpaka muuzaji akaniuliza kama nina mama. Ulikuwa na majani matano. Niliyahesabu mara mbili mbele yake, akakasirika. Baada ya msimu mmoja wa baridi yalibaki mawili, na moja kati ya hayo lilibaki kwa adabu tu. Usiku niliufunika kwa blanketi la wageni.

"Na mgeni akija?" mke wangu aliuliza.

"Mgeni ana damu. Mti hauna."

"Basi mgeni nitamwambia aende akalale na mti wako."

Kutoka juu ya paa mnazi wangu ulionekana kama mtu aliyedondosha kitana uani. Wiki tatu mfululizo nilituma picha, wiki tatu mfululizo kikundi kikanyamaza. Jumapili ya nne, kwa uchungu, nikalala kifudifudi juu ya kofia ya paa na kushusha simu mpaka ikagusa bati. Hapo nikaona muujiza. Mti wa bibi jirani, ulio ng'ambo ya uzio wangu wa nyuma, ulichomoza juu ya mgongo wa paa kama umeota katikati ya ua wangu. Mrefu, umeinama kidogo kwa maringo, majani yamemwagika pande zote, na nyuma yake milima na anga ya asubuhi. Uzio haukuonekana. Nyumba ya bibi haikuonekana. Nikapiga, nikatuma.

Simu ililia mpaka ikapata joto. Mama mmoja mwenye duka la vitenge aliandika: "Jamani, hii ni Sumbawanga au Zanzibar?" Mwenyekiti akaandika: "Ndugu, ulikuwa umetuficha. Ni aina gani hiyo? Si ile ya Madagaska?"

Sikujibu. Sokoni nimejifunza kwamba mteja akishaanza kujisifia bidhaa mwenyewe, kazi ya muuzaji ni kunyamaza. Nikanyamaza. Jioni mwenyekiti akatangaza kwamba Jumapili ya wiki mbili zijazo kikundi kizima kitakuja Izia, kitapanda paa langu, kitaona mandhari kwa macho.

Hapo ndipo baridi iliponiingia. Mji wetu ni mdogo. Watu kumi na mmoja wanajua mji mzima, na mji mzima unanunua milango kwangu kwa sababu moja: nikisema mlango ni mninga, ni mninga. Muuzaji akiumbuliwa kwa mti, nani atamwamini kwa mlango? Nikapiga hesabu: kama watapanda na kukaa upande wa mbele tu, wasisimame, na mti ubaki vile vile ulivyo kwenye picha, tutaweza kumaliza soda zetu salama. Kila kitu kilitegemea mti kubaki vile vile.

Jumatatu asubuhi nikapanda kuuhesabu. Majani thelathini na manne. Nikahesabu tena, thelathini na manne. Jumanne, thelathini na moja. Nikadhani nimekosea, nikarudia, thelathini na moja. Nikachungulia ng'ambo: bibi amesimama kwenye ngazi, panga mkononi, jani la nne liko njiani.

Nilishuka bila kutazama misumari.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona unahema? Kuna moto?"

"Hapana bibi. Nimeona unakata mti."

"Sikati mti, nakata majani. Mti ni huu, bado upo." Akalipiga shina kofi kama mtu anayempiga ng'ombe wake. "Mjukuu wangu anaolewa mwisho wa mwezi. Kwetu binti haendi kwa watu bila mkeka wa bibi yake. Nataka ukindu."

Nisiongope, hapo ndipo nilipojua kwamba mti wa Madagaska ni mkindu. Bibi aliuleta ukiwa chipukizi alipoolewa kutoka kule Kipili, mwambao wa Ziwa Tanganyika, ukapanda naye Ufipa, na tangu hapo haujawahi kufunikwa hata kwa leso.

"Bibi, mkeka mimi nitakununulia. Madukani ipo mizuri, ya plastiki, ina maua."

"Ukalalie wewe na maua yako."

"Basi subiri wiki mbili tu. Nakuomba. Naupenda mti huu ukiwa na majani."

"Tangu lini? Miaka yote mimi nakata, wewe hujawahi kuinua hata kichwa." Akanitazama vizuri. "Unataka nini, mjukuu? Sema bei yako."

Mimi ndiye huwa nasema maneno hayo. Nilijaribu kukaza uso.

"Nitakukatia ukindu mahali pengine. Kule bondeni upo wa porini. Majani kumi na mawili."

"Mkeka wa harusi? Ishirini."

"Kumi na manne, bibi. Na kukupasulia kuni."

"Ishirini na mawili."

"Bibi, unapanda badala ya kushuka!"

"Na wewe unazidi kuhema. Mtu anayehema ana shida kubwa. Ishirini na manne, na kuni pia."

Tukashikana mikono kwa ishirini na manne. Miaka yote sokoni sijawahi kushindwa namna ile, na aliyenishinda alikuwa bado juu ya ngazi.

Alhamisi nikafunga duka, nikaenda bondeni na panga na gunia. Nilikuta kichaka kimoja kikubwa cha mkindu kando ya mto, majani yake hayahesabiki. Nikajiambia, mwenye akili hazunguki bonde zima ikiwa kichaka kimoja kina bidhaa yote. Nikakata pale pale nilipokuwa. Mkindu una miiba chini ya jani, mirefu kama sindano za kushonea magunia, na nadhani kila mmoja ulinipata. Nilihesabu ishirini na manne, nikarudia, ishirini na manne, nikabeba mzigo mpaka kwa bibi mikono inachuruzika damu.

Bibi akafungua gunia. Akalitazama jani la kwanza, la pili, la tatu. Akaanza kucheka taratibu, mpaka akaketi chini.

"Yametimia," alisema. "Ishirini na manne. Yote ni kuni."

"Bibi, si ukindu?"

"Ukindu ni jani ambalo bado limefumba, baba. Lile la katikati, jeupe, halijaliona jua. Kila shina lina moja, labda mawili. Haya yameshafunguka, yamekomaa, ukiyasuka yanavunjika na kukuchoma. Ungezunguka vichaka vingi ndio ungepata ishirini na manne. Wewe umekaa mahali pamoja ukakata kama nyasi?"

Nikamnyooshea mikono. Alinipaka mafuta mikononi huku bado anacheka, akanipa togwa ya ulezi. Kisha akasema siku hazimngoji, na Jumamosi angeendelea kukata wa kwake, auongeze kwenye ule aliokwisha kukausha. Na ili mkono ufike kwenye jani la katikati, lazima kwanza uondoe majani yenye miiba yanayoliziba. Nilimwomba aache hata ishirini. Akasema, "Tulipatana ukindu, hukuleta ukindu." Hapo hakuna dalali duniani ambaye angemjibu.

Walikuja Jumapili ile iliyopangwa, tisa kati ya kumi, na viatu vya kanisani. Asubuhi nilikuwa nimehesabu majani kumi na moja, mara mbili, ingawa mara ya pili haikuwa na faida yoyote. Mti ulikuwa kama kuku aliyenyonyolewa akakimbia kabla hawajammaliza.

"Kanyageni penye misumari," niliwaambia, mmoja mmoja, kwenye ngazi. "Kaeni upande huu wa mbele. Huku ndiko kuna upepo mzuri." Bati lililia kama mvua ya mawe. Chini, mke wangu alikuwa anahamisha godoro.

Mwenyekiti hakukaa mbele. Alikanyaga msumari kwa msumari mpaka kwenye kofia ya paa, akasimama wima, akatazama ng'ambo. Wengine wakamfuata. Sasa walikuwa wanaona vyote: uzio, nyumba ya bibi, kuku, mti uliopukutika, na chini yake bibi mwenyewe, miguu ameinyoosha, ukindu umeanikwa pande zote, anasuka.

"Karibuni!" bibi aliita. "Mmekuja kutengeneza paa?"

Mama wa vitenge akainama mbele, akakaza macho.

"Jamani," alisema, "huu si mkindu?"

Unasikia bati likipata joto, tik, tik. Watu tisa ambao wamelala juu ya mkindu utotoni, wamekaa juu ya mkindu kwenye kila msiba, wameupigia makofi wiki mbili kama mgeni kutoka ng'ambo ya bahari. Tuliujua kwa makalio tu. Hatukuwahi kuutazama kutoka juu.

Mwenyekiti akanigeukia. "Ndugu. Huu mti ni wako?"

Sokoni nina njia nne za kujibu swali kama hilo bila kusema uongo na bila kusema kweli. Nilizipitia zote nne. Chini, bibi alikuwa ameacha kusuka, ananitazama, na mikono yangu bado ilikuwa na alama za miiba.

"Si wangu, mzee. Ni wa bibi. Wangu ni ule pale." Nikanyoosha kidole kwenye lile blanketi.

Wote wakatazama blanketi. Hakuna aliyeandika kwamba Izia inazidi kupendeza.

"Haya, shukeni basi," bibi alisema. "Walio juu hawasuki. Binti anaolewa wiki ijayo na mimi nina vidole kumi tu."

Wakashuka, kwa sababu mzee akikuita huwezi kubaki juu ya paa. Walikalishwa chini na viatu vyao vya kanisani, wakapewa ukindu wa kuchana. Na hapo nilimwona mwenyekiti akichukua nyuzi chache bila kuambiwa, akaanza kusuka ukili, ule utepe mrefu ambao baadaye hushonwa ukawa mkeka. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe, haraka kuliko vya mama wa vitenge. "Mama yangu," alisema, bila kumwambia mtu yeyote. Alisuka mpaka saa nane. Hakunitazama.

Jioni, kabla sijamaliza kupigilia misumari iliyolegea, simu iliniarifu kwamba nimeondolewa kwenye kundi. Aliyeniondoa ni mwenyekiti.

Wiki ile wateja walinikomoa. Kijana mmoja alishika mlango, akaugeuza, akauliza, "Mzee, huu ni wako kweli au umeupigia picha tu kutoka juu?" Soko zima likacheka. Nikamwambia ni wangu, ni mninga, na bawaba ya chini imelegea. Sikuwa na mazoea ya kutaja bawaba kabla mteja hajaiona. Aliununua, na kesho yake akamleta shemeji yake, ambaye naye alianza kwa kuuliza habari za bawaba.

Mkeka ulikwisha siku mbili kabla ya harusi. Mama wa vitenge ndiye aliyeniambia yaliyobaki: mwenyekiti alirudi kwa bibi kimya kimya kuomba chipukizi la mkindu, akalipanda Malangali, na Jumapili iliyofuata picha yake ilionyesha magunia matano. Mti ambao haujawahi kujua baridi ni nini, ameuvisha gunia.

Mimi bado napanda, sina wa kumtumia picha. Juzi nilihesabu majani ya bibi, kumi na mawili. Jipya lilikuwa katikati, jeupe, bado limefumba. Nikahesabu tena, kumi na mawili. Nikapiga picha, nikamtumia mke wangu, aliyekuwa chini yangu jikoni.

Alijibu papo hapo: "Nimeuona. Shuka, paa linavuja."