Profesa wa Kofia Nyekundu

Mtaa mzima wa Shella, pale Malindi, uliziita diski za filamu sidii, isipokuwa Mzee Abdillahi. Yeye alisema "blurei," akilivuta neno lenyewe polepole kama anayeonja mchuzi, na ukithubutu kusema sidii alikusahihisha mbele za watu. Sidii, alisema, ni za taarabu na harusi. Blurei ni diski ya picha safi, iliyotengenezwa ili mtu ahesabu manyoya ya ndege naye amekaa kwake na kikombe cha kahawa. Alikuwa nazo arubaini na tatu, zote za wanyama, zimepangwa katika kabati la kioo ambamo mkewe, Bi Mastura, aliwahi kuweka sahani zake za kaure. Sahani zilihamia chini ya kitanda. Bi Mastura hakugombana. Aliliweka jambo hilo pamoja na mengine aliyokusudia kuyataja siku ya hesabu.

Kwa miaka thelathini na mmoja Abdillahi alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia katika hoteli moja ya ufuoni. Watu kumi na mmoja walikuwa chini yake. Akisema shuka hii irudi majini, ilirudi. Kisha hoteli ikafungwa, wenyewe wakarejea kwao Italia, naye akarejea nyumbani akakuta hakuna wa kumsikiliza. Binti yake wa pekee, Nasiba, alikuwa ameolewa Mtwapa. Barazani watu walizungumza mpira na siasa, na yeye hakujua mpira wala siasa. Alijua madoa. Akifungua mdomo kusema, mwenziwe alikuwa ameshamgeukia mwingine. Mwaka mzima salamu yake ilianza na kuishia pale pale, na mzee yule, aliyewahi kutetemesha madobi kumi na mmoja, alianza kuogopa kwamba atakufa bila mtu kujua kama alikuwa na la kusema.

Blurei ndizo zilizomwokoa. Waitalia wazee waliokuwa na majumba yao Malindi na Watamu walikuwa wakiuza na kuondoka mmoja mmoja, na kila anayeondoka aliacha vitu. Abdillahi aliwajua mabawabu wote. Simu ililia: "Mzee, huyu wangu anasafiri Jumatatu." Hapo hapo alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akapanda tuktuk, akafika langoni kama aliyekuja kuhani msiba. Wengine waligombania friji na magodoro. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya diski, akazitoa zenye picha ya chui, ya nyangumi, ya tai, akazipuliza vumbi, akalipa bila kupatana. Kupatana bei ya elimu, alisema, ni utovu wa adabu.

Deki yake aliipata kwa njia hiyo hiyo, pamoja na waya zake tatu, nyekundu, nyeupe na manjano. Akazichomeka katika televisheni ya kichogo aliyoinunua mwaka Nasiba alipoanza shule. Sasa, kitu kilichotokea katika kioo kile kilikuwa kama dunia anavyoiona mtu mwenye sabuni machoni. Simba alikuwa gunia. Twiga alikuwa mlingoti. Kundi la flamingo lilikuwa doa la juisi, na hilo ndilo lililompendeza zaidi Abdillahi.

"Mwaona?" alisema kila Ijumaa baada ya alasiri, watu wamejaa mkekani. "Mwaona unyoya mmoja mmoja?"

"Mashaallah," alijibu Faiz, fundi cherehani wa jirani, aliyekuwa mwepesi kuliko wote kumvika mtu kilemba cha ukoka. "Mpaka kucha naziona."

Na wote wakaitikia kwamba kucha wanaziona. Si kwamba walikuwa wajinga. Lakini mtu ukishakunywa kahawa ya mwenzio na kula kaimati za mkewe, humwambii kwamba simba wake ni gunia. Hiyo si adabu ya Shella. Na kaimati za Bi Mastura, zikitoka motoni na shira yake, zilitosha kumfanya mtu aone kucha, meno na hata nia ya simba.

Filamu zenyewe zilisema Kiitalia. Abdillahi alikijua Kiitalia, na alikijua vizuri, alimradi mazungumzo yawe ya shuka, taulo, madoa na maji ya moto. Msemaji wa filamu alipotaja maji, mzee aliketi wima, akainua kidole na kutafsiri: "Asema hapa pana maji." Pengine pote alijitungia mwenyewe, na alitunga vizuri. Alieleza ndoa ya pengwini, wivu wa kiboko, na namna tembo anavyogawa urithi. Watu walisikiliza, wakatikisa vichwa, wakauliza maswali. Mzee alilala usingizi mzuri kila Ijumaa.

Mwanafunzi wake mwaminifu kuliko wote alikuwa Dena, Mgiriama kutoka kijiji kilicho ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Kila Ijumaa Dena alileta nazi na madafu kwa baiskeli, akashusha mzigo uani, akamwamkia mzee kwa shikamoo, kisha akakaa mkekani karibu na mlango. Hakukosa hata siku moja. Abdillahi alimpenda kwa hilo, ila alimwona ana kasoro moja: alipenda kuingilia.

"Mzee, hapo..." alianza Dena.

"Dena," alisema Abdillahi, si kwa ukali, "tulia usomeshwe."

Na Dena alitulia.

Diski iliyobeba fahari yote ya kabati ilitoka katika nyumba moja ya Watamu. Juu yake palikuwa na picha ya miti, na bawabu aliapa kwamba ni msitu wa hapa hapa, Arabuko-Sokoke, uliopigwa picha na Waitalia. Abdillahi aliionyesha mara nne mwaka ule. Ndani yake palikuwa na giza la kijani, kisha kitu cha rangi ya kahawia kikikimbia chini, chenye doa la manjano nyuma; huyo, mzee aliwaambia, ni mtoto wa paa. Kisha alitokea mtu. Uso haukuonekana, ila juu ya kichwa palikuwa na wekundu, na mkono ukinyooshwa.

"Huyu," alisema Abdillahi akishusha sauti, "ni profesa. Wekundu ule ni kofia ya maprofesa wa Roma. Amesomea wanyama miaka ishirini, na mke amemwacha kwa ajili ya kusoma. Tazameni anavyonyoosha mkono. Elimu huonekana hata mkononi."

"Mzee, huyo..." alianza Dena mlangoni.

"Tulia usomeshwe."

Mara ya pili profesa aliongezewa vitabu sita alivyoandika. Mara ya tatu alipata nishani ya serikali. Kufikia mara ya nne Abdillahi alikuwa amekutana naye ana kwa ana hotelini, na shati lake la hariri alilifua mwenyewe.

Basi Nasiba akaja kutoka Mtwapa kwa wiki moja. Akakaa Ijumaa ile pamoja na wageni, akatazama tai wa babake, na alikuwa binti mwenye adabu, kwa hivyo alingoja watu waondoke.

"Baba," akasema, "hizi diski hujapata kuziona."

"Nimeziona zote."

"Hujaziona. Huo waya wa rangi tatu hauwezi kubeba picha yake, na hiyo televisheni haiwezi kuipokea. Wewe unanunua asali na kuinywa kupitia kitambaa."

Abdillahi alikasirika siku mbili. Siku ya tatu Nasiba alileta televisheni bapa, pana kama mlango, na waya mmoja mweusi. Akaijaribu kwa taarifa ya habari, na mzee alipoona jasho juu ya mdomo wa mtangazaji, hasira ikamwisha. Binti alitaka kumwekea diski pale pale. Akakataa katakata. Hatatazama peke yake. Wataona pamoja, Ijumaa, na wataanza na msitu wa kwetu. Akaifunika televisheni kwa leso mpya ya Bi Mastura, kama bibi harusi, akapita mtaani nyumba kwa nyumba kualika.

Ijumaa ile watu walijaa hadi ukumbini. Dena alifika na nazi zake, kichwani kofia yake ya kila siku, akakaa pale pale mlangoni. Abdillahi alitoa hotuba. Akasema mpaka leo mmeona, lakini leo mtaona. Kisha akaivua leso, akabonyeza rimoti.

Hakuna aliyesema mashaallah. Jani lilikuwa jani, na siafu juu yake alikuwa na miguu. Halafu yule mtoto wa paa akatoka kichakani, na hakuwa paa hata kidogo. Alikuwa mnyama mwenye pua ndefu ya kuchezacheza, mdogo kuliko sungura, na makalio ya rangi ya dhahabu. Faiz alikohoa. Bi Mastura, aliyekuwa amesimama na sinia la kaimati, alimtazama mumewe, kisha akatazama sinia.

"Ni... ni paa wa aina yake," alisema Abdillahi.

Na hapo akatokea profesa.

Akasimama katikati ya kioo, mzima, uso wote, na kovu dogo juu ya nyusi. Alivaa shati lililopasuka begani. Kofia yake ya sufu ilikuwa nyekundu, imetoboka upande wa kushoto, na uzi unaning'inia. Alinyoosha mkono kuelekea kichakani, akatabasamu, na pengo la jino la mbele likaonekana. Vichwa vyote mkekani viligeuka pamoja vikatazama mlangoni. Pale alikaa Dena, na kofia nyekundu iliyotoboka upande wa kushoto, na uzi unaning'inia.

Msemaji wa Kiitalia aliendelea peke yake, akataja maji, na hakuna aliyetafsiri. Abdillahi aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumfanya mtu atamani umeme upotee. Alikumbuka vitabu sita. Alikumbuka nishani. Alikumbuka mke aliyeondoka, na mke wa Dena, kama wote walivyojua, alikuwa na watoto saba na hakuwa na mpango wa kwenda popote. Zaidi ya yote alikumbuka shati la hariri. Akangoja mtu mmoja tu acheke, ndipo kila kitu kiishe: Ijumaa, mkeka, maswali, na yeye arudi kuwa mtu wa salamu ya kupita.

Hawakucheka. Walitazama chini, kwa adabu ile ile iliyowafanya waone kucha kwa mwaka mzima, na adabu hiyo sasa ilimchoma kuliko kicheko.

"Dena," akasema mwishowe, na sauti ikatoka ndogo. "Huyo ni wewe?"

"Ni mimi, mzee."

"Mbona hukusema?"

Dena alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Nilikuwa nataka kusema," akajibu, na hakuongeza kwa nini hakusema. Kila mtu alikuwapo. Kila mtu alijua.

Kisha akaeleza, maana sasa walikuwa wamenyamaza. Waitalia wale walikuja miaka saba iliyopita. Walitembea msituni siku tatu bila kuona kitu, kwa sababu walizungumza. Wakamwomba awaongoze. Akawalaza kifudifudi siku nane, akawaonyesha tundu la majani makavu anamolala sange, maana mnyama huyo mwenye pua ndefu ni sange, na hutoka alfajiri, na ukivunja kijiti kimoja humwoni tena siku hiyo. Walipopata picha zao walimkumbatia wakaahidi kumletea filamu.

"Hawakuleta," alisema Dena. "Nilingoja, nikachoka. Halafu mzee ukaiweka hapa. Nilijijua kwa kofia na kwa ule mti niliosimama kando yake. Tangu hapo kila Ijumaa nikija naomba Mungu tu uiweke hiyo tena."

Abdillahi alielewa hapo kwamba mwanafunzi wake mwaminifu hakuwa amekuja kusomeshwa hata siku moja. Jambo hilo lilimuuma mahali ambapo profesa na nishani zake havikufika. Lakini watu walikuwa wameanza kumuuliza Dena: huyo sange hula nini, ana mke mmoja au wawili, dhahabu ile ya makalio ni ya nini? Na Dena akajibu, bila haraka, akasema pia "hilo sijui" pale asipojua, neno ambalo halikuwa limesikika chumbani mle tangu blurei ya kwanza. Abdillahi akainua kidole.

"Nami naongezea hapo..." akaanza.

"Baba Nasiba," alisema Bi Mastura, akimwekea kaimati mkononi, "tulia usomeshwe."

Wiki nzima mzee hakwenda barazani. Alihesabu nani atakuja na nani hatakuja, akapata jibu baya kila mara. Ijumaa ikafika. Baada ya alasiri akakaa pembeni ya televisheni, tayari kwa chumba kitupu, na watu wakaingia. Wakaja wale wale, na wengine sita wasiowahi kuja. Kila aliyevua viatu mlangoni aliuliza swali moja kabla ya kukaa: Dena kafika?

Alikuwa hajafika. Faiz akasema kwa upole, "Basi tuanze, mzee. Twambie wewe."

Hiyo ndiyo heshima aliyokuwa ameililia juma zima, na ilikuwa imewekwa mbele yake kama sahani. Alishika rimoti. Akaitazama, akaiweka chini. Kisha akainuka, akakitoa pembeni kiti chake cha mkono, kile kisichowahi kukaliwa na mtu mwingine, akakiweka mbele ya kioo, na yeye akaenda kukaa mkekani karibu na mlango.

"Tungoje," alisema. "Profesa yuko njiani."

Akaona watu wanamtazama, wengine macho yamewalainika, na furaha asiyoizoea ikamjaa. Ikamshinda kuiacha hivyo.

"Na msisahau," akaongeza, "ni mimi niliyemvumbua."

Wote wakaitikia kwamba ndiyo, ni yeye.