Droni Ilipokuja Kukagua Mishiri Yangu

Kiwanda kimoja cha Thika kilitaka mishiri, zile maharagwe za maganda za kupelekwa ng'ambo, lakini kwanza droni ipite juu ya shamba ya kila mtu hapa Murera. Ukionekana na mimea mgonjwa, hawachukui hata kilo. Sasa shamba yangu ilikuwa na kona moja imegeuka njano, njano ya kuwaka, hata ndege ya kwenda Mombasa ingeiona ipige honi.

Asubuhi ya ukaguzi nikakata nepia yote, ile nyasi ya ng'ombe, nikaitandika kwa hiyo kona. Ikakuwa kijani kama kapeti ya kanisa.

Mama watoto akaniangalia tu. "Unafunika mishiri blanketi?"

"Hiyo ndege inaona kutoka juu. Kutoka juu ni kijani. Wewe nyamaza."

"Na ng'ombe atakula nini?"

"Ng'ombe ajipange."

Msichana wa droni akafika na kisanduku yake, akaniita guka, yaani babu. "Guka, simama karibu na mimi uone kwa skrini." Hiyo kitu ikaamka na kelele, ni kama nyuki wa kaunti nzima wamepewa maikrofoni. Kuku zote zikaingia chini ya kitanda yangu. Ng'ombe, na njaa yake, akashtuka akang'oa kigingi. Mimi nasema aliruka ua. Mama watoto anasema geti ilikuwa wazi.

"Guka," msichana akasema polepole, "kuna kitu nyeusi na nyeupe inatembea kwa mishiri."

"Hiyo ni kivuli ya wingu."

"Kivuli iko na mkia?"

Ngai! Nilikimbia mpaka kofia ikabaki nyuma inaniita. Nikifika, nepia imeisha, na mishiri ya chini yake imeng'olewa na mizizi. Mama watoto alikuwa amekalia ndoo, anacheka na machozi.

Msichana akainama, akainua mpira wa kunyunyizia mishiri maji, akaufinya. Tope ikatoka kama dawa ya meno.

"Guka, hii kona haikuwa mgonjwa. Ilikuwa na kiu. Mpira umeziba. Ungezibua tu, ingerudi poa."

"Haiya! Kwa hivyo shamba imepita?"

"Imepita. Yote, isipokuwa kona."

"Hii kona?"

"Hiyo," akasema, akionyesha tumbo ya ng'ombe.

Yeye alikuwa amefunga macho, anacheua pole pole mishiri ya wazungu.