Jina la Mwenye Lupango

Hénoch Lukusa hajawahi kukaa kwenye kiti mpaka kikapata joto. Mkewe Sephora ndiye husema hivyo, na majirani wa mtaa ule ulio nyuma ya reli huongeza chumvi: eti hata kanisani huomba huku jicho moja likitafuta mahali waya wa kipaza sauti ulipolegea. Mguu wake wa kulia hutikisika wenyewe chini ya meza, vikombe vikagongana, wageni wakashika chai yao mkononi. Wapo wanaomwita Monsieur Courant, yaani Bwana Umeme. Yeye huitika tu, hana wakati wa kubishana.

Ni fundi wa minara ya simu. Kampuni yenye ofisi Lubumbashi ilimkabidhi pikipiki, mkanda wa kupandia, na chombo kimoja kilichokaa ndani ya mfuko wa manjano. Chombo hicho hupima mawimbi ya hewani. Ukikiwasha, kila sauti inayopita angani inaonekana kwenye kioo chake kama kilima: redio ya kanisa kilima, simu za soko zima vilima vimesongamana. Hénoch akiona kilima kimekaa upande, anajua mnara gani unaumwa na unaumwa wapi. Hupiga picha ya vilima vile na chombo huitunza. Kwenye kila picha chombo chenyewe huandika siku na mahali ilipopigwa, si mji tu, mpaka uani kwa mtu. Linalobaki ni jina, na jina ni juu ya fundi.

Kampuni iliagiza litumike jina la namba, namba ya mnara. Haya, nani Kamina anatembea na namba? Hapa ukiuliza njia utaambiwa pita kwa Papa fulani, kata kona kwa Mama fulani, fika lupango ya yule mwenye mbuzi wabishi; na lupango ni kiwanja na nyumba iliyomo na ugomvi wake wote. Hénoch naye akafanya kama watu wa kwao wanavyofanya. Kila picha aliipa jina la mwenye lupango. Mafundi wenzake walifanya vivyo hivyo, na hakuna aliyeona ubaya.

Ubaya uliingia kwa njia ya ziwa. Kampuni ilikuwa ikimtuma mara kwa mara upande wa Kinkondja, ziwani, na huko alifahamiana na Mama Mauwa Ngondo, mjane anayekausha samaki, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Mama Mauwa ana phonie. Hiyo ni redio ya kusemeshana: betri ya gari, kisanduku, na waya uliotandazwa kati ya miti miwili. Visiwani na kwenye mabwawa, ambako simu ni mapambo, phonie ndiyo mdomo wa watu. Ya Mama Mauwa ilikuwa inakoroma vibaya, inawaziba wenzake. Hénoch akafungua mfuko wa manjano ambao haukuwa wake, akapima, akarekebisha, akapewa samaki wa kukausha hadi pikipiki ikanuka wiki nzima. Kama fundi mwenye utaratibu, akatunza picha: Mauwa Ngondo. Habari ikasambaa, wenye phonie wengine wakamwita, na kila aliporekebisha alitunza picha kwa jina la mwenyewe.

Hakuna hata mmoja kati yao mwenye kibali. Wanasikia tu kwamba kibali kipo mahali fulani, kama wanavyosikia kwamba theluji ipo. Na mvua zilizopita, mwanamke wa kisiwani aliposhikwa na uchungu na mtoto amekaa vibaya tumboni, ni phonie ya Mama Mauwa iliyoita mtumbwi wa injini. Mama yupo na mtoto yupo. Walitaka hata kumwita Phonie, mchungaji akakataa kubatiza redio.

Basi asubuhi ile simu ya Hénoch ililia. Alikuwa ni Esdras, injinia wa kampuni, mkubwa wake, yuko barabarani anakuja Kamina.

"Hénoch, ile analyseur ya kupima mawimbi, minakuya kuichukua leo," alisema Esdras. "Kampuni iliuzisha byombo byote."

"Kwa nani, chef?"

"Kwa bale bantu ba kuchunga mawimbi. Batazunguka kule ku ziwa, kutafuta baphonie benye habana na kibali. Ufute bitu byetu byote mbele nifike."

Hénoch alisema ndiyo chef, akakata simu. Chombo kilekile alichowatibia watu wale ndicho kitakachopelekwa kuwatafuta, na ndani yake wamo wote, kila mmoja kwa jina lake, kila mmoja na uani kwake. Hata kutafuta hakutahitajika. Mtu atasoma tu na kwenda kuwanyang'anya phonie zao.

Akakitoa mfukoni, akatafuta amri ya kufuta yote, akabonyeza. Chombo kikauliza kama kweli anataka. Anataka! Orodha ikatoweka, kioo kikabaki cheupe, na Hénoch akaanza kupiga mluzi. Alifika nao mlangoni, ukamfia mdomoni.

Kwa sababu Hénoch ana kazi ya pili, na mtaa mzima unaijua. Hurudisha picha zilizopotea kwenye simu. Jirani yao Noémie aliwahi kufuta picha zote za harusi ya dada yake kwa kidole kimoja, akalia kama aliyefiwa. Hénoch alimrudishia zote, pamoja na zile ambazo Noémie alikuwa amezifuta mwaka uliotangulia kwa makusudi, na mumewe akaziona. Ugomvi ule ulisikika hadi stesheni. Mtu anayekula kwa kurudisha yaliyofutwa anajua vizuri kwamba kufuta ni kubandua tu jina mlangoni. Mwenye nyumba bado amelala ndani.

Akaunganisha chombo na kompyuta yake nzee, akaendesha programu ileile ya harusi. Wakaanza kurudi mmoja mmoja. Mauwa Ngondo akatangulia, kama kawaida yake. Nyuma yake wakaja wengine, na mahali pao pote.

"Mungu wangu," alisema Hénoch. Aliogopa, na si uoga wa kufukuzwa kazi tu. Uoga ule alikuwa anaufahamu tangu utoto.

Baba yake alikuwa mtu wa Kasai, karani wa reli hapahapa Kamina. Ule mwaka wa tisini na mbili, watu wa Kasai walipoanza kufukuzwa, mtu asiyejulikana aliandika jina la Lukusa kwa mkaa kwenye mlango wao. Mama yake alilisugua kwa mchanga na sabuni hadi vidole vikachubuka, likaisha. Jioni mvua ikanyesha, ubao ukalowa, na jina likarudi, la kijivu, linasomeka. Hénoch mdogo alililia lile jina kuliko alivyolilia safari. Hapo baba yake akaenda kuchukua rangi ya kijani ya mabehewa, akapaka mlango mzima, akangoja ukauke, akapaka tena. Waliondoka hata hivyo kwa treni, na wakarudi baada ya miaka. Mlango waliukuta mahali pake, wa kijani, hauna jina la mtu.

Kwa hiyo alijua la kufanya. Maji hayafai, inatakiwa rangi. Chombo chenyewe ni cha zamani, hakina amri ya kujisafisha kabisa. Ukikirudisha kilivyotoka kiwandani kinasahau lugha na saa tu, watu hakiwasahau. Lakini kina amri ya kupiga picha zenyewe mfululizo, moja nyuma ya nyingine, mpaka kumbukumbu ijae. Picha mpya hukaa juu ya zile za zamani, na zilizo chini hazirudishwi na mtu yeyote, hata na Hénoch. Akang'oa antena ili kisione kilima chochote. Akakilaza juu ya meza, akakifunga kwenye betri ya sola. Chombo kikadai jina la picha. Vidole vikaandika upesi kama vilivyozoea, akabonyeza, kikaanza.

Halafu ikabidi kusubiri, na kusubiri ndiko asikokuweza. Alitoka akatazama barabara. Aliingia akatazama kioo. Alilainisha mnyororo wa baiskeli ya jirani bila kuombwa. Alitoka tena.

"Papa Déborah, ikala hata kidogo," alisema Sephora, akimwita kwa jina la binti yao huku akitenga bukari, ugali wa kwao, mezani. "Uko unanizungusha kichwa."

"Minyi siko nazunguka. Niko nangoja."

"Sasa weye unangojaka na miguu?"

Akamweleza. Sephora si mtu wa kupiga kelele. Ni mwalimu wa darasa la kwanza, kelele huziacha kazini. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama Mama Mauwa anajua. Hénoch akasema phonie haitumiwi kwa siri, ukimwambia yeye umeliambia ziwa zima. Alikula akiwa amesimama, mgongo mlangoni. Sephora ndiye aliyeinama kutazama kioo, akasoma kwa sauti yake ya darasani, taratibu.

"Papa Déborah. Juu ya nini jina yako iko humu?"

"Jina gani?"

"Hénoch Lukusa, Kamina. Moja, mbili, tatu... iko weye tu. Na fasi yenye iliandika, si iko hapa kwetu?"

Tonge lilibaki mkononi. Vidole vyake, vipumbavu vile, viliandika kama vilivyoandika miaka yote: jina la mwenye lupango. Na chombo, kwa uaminifu wake, kiliongeza siku na uani. Picha tupu zisizo na mwisho, zote zimepigwa nyumba moja, siku moja, siku ileile ya kukabidhi. Mwanafunzi wa Sephora wa darasa la kwanza angejua hapa kuna mtu aliyekuwa anaficha kitu.

"Zimisha," alisema Sephora. "Zimisha, uanze upya. Andika hata Yesu."

Simu ikalia. Esdras alikuwa ameshapita uwanja wa ndege, anauliza kona ya kwao ni ipi.

Hénoch aliweka kidole juu ya kitufe. Kuanza upya hakukuwezekana tena, muda haukutosha, na alilijua hilo. Kusimamisha kuliwezekana. Angesimamisha, angefuta zile zenye jina lake, angesema chombo kiliharibika, na sehemu ambayo haijapakwa ingebaki hivyohivyo. Nani amelala kwenye sehemu ile? Pengine ni minara mitupu ya kampuni. Pengine ni Mama Mauwa. Chombo hakisemi. Aliwaza kazi yake, akawaza shule ya Déborah, akawaza maisha yake yote ya kuogopa mtu kujua nyumba yao ilipo. Kusema kweli, alitamani sana kubonyeza.

"Kule yenye haiyafika, kuko ba nani?" aliuliza Sephora, kana kwamba amesikia.

"Sijue."

Sephora akatazama kioo, akatazama mlango. Hakusema tena zimisha. Hénoch akaondoa kidole.

Kumbukumbu ilijaa wakati gari linasimama nje. Akaendesha ile programu ya harusi mara ya mwisho, mguu ukipiga sakafu kama cherehani. Alijikuta yeye tu, kutoka juu hadi chini. Mama Mauwa hakuja. Hakuja mtu yeyote wa ziwani.

Esdras ni mtu mrefu, mpole, mwenye vumbi la safari hadi kwenye nyusi. Alikunywa maji, akamshukuru Sephora, akawasha chombo. Akashuka na orodha. Akaendelea kushuka.

"Hénoch, hii njo nini?"

"Njo minyi, chef."

"Naona njo weye. Uliambiwa ufute."

"Nilifuta, chef. Nyuma nikapima lupango yangu."

"Mara mingi hivi? Bila antena?"

Hénoch alimkabidhi antena. Esdras aliipokea, akaelewa. Ni yeye aliyewahi kwenda ziwani na Hénoch, akarudi na samaki kwenye buti la gari la kampuni, harufu haidanganyi. Alizima chombo, akakirudisha kwenye mfuko wa manjano, akavuta zipu hadi mwisho.

"Bale bantu batauliza," alisema. "Na bataanzia hapa."

"Bakuye, chef. Fasi iliandikwa."

"Ungeandikaka namba ya mnara," alisema Esdras kwa huzuni ya kweli, "haya yote hayangekuya." Akapeana naye mkono, akaondoka.

Hénoch alibaki kwenye kizingiti. Mlango ule wa kijani upo bado. Waliuhamishia nyumba hii alipooa, baba yake aling'ang'ania. Mzee alipaka rangi mara mbili ili jina la Lukusa lisisomeke popote. Mwanawe leo amelipaka jina hilohilo juu ya milango ya watu wote wa ziwani. Alikuwa anaogopa, wala hakuwa na aibu kuogopa. Lakini alikaa. Alikaa mpaka kizingiti kikapata joto, mguu umetulia kabisa.

Sephora alitoka nyuma yake, akaushika mguu ule kama anapima homa.

"Batakuya kweli?" aliuliza.

"Labda."

"Basi nitafagia," akasema, akachukua ufagio. "Kama bageni banakuya, bakute lupango iko safi."