Video Iliyogoma Kwenye Kilio cha Mzee Mwenze

Simone Chilufya aliingia katika kazi ya video kwa mlango wa harusi, na siku hizi anaishi kwa vilio. Hakupanga hivyo. Simu zilipopata kamera nzuri, maharusi waliacha kumwita, kwa sababu kila mwalikwa amekuwa mpiga picha. Lakini penye msiba bado anatafutwa mtu wa kukusanya video za marehemu kutoka simu za ndugu, azipange kwenye kompyuta, azionyeshe kwenye televisheni kubwa huku watu wamekaa chini ya turubai. Katika mitaa mingi ya Lubumbashi, mtu huyo ni yeye. Umri umesogea, miguu inavimba akisimama sana, na bukari, yaani ugali, wa misibani ameuzoea kuliko wa jikoni kwake.

Mzee Mwenze, fundi wa reli aliyestaafu, alifia hospitali, na kilio kiliwekwa nyumbani kwake karibu na Kasapa. Simone alifika asubuhi, akapokea video, na alasiri akaanza kuzionyesha. Ya kwanza ilimwonyesha mzee kanisani, ya pili akimwagilia mboga zake za lengalenga. Zilikwenda vizuri. Ya tatu ilipoanza, akaonekana mzee na sahani ya samaki, na pembeni yake Elisée, mume wa binti yake mkubwa Falonne. Picha ikaganda kidogo, kisha programu ikajifunga yenyewe.

Simone aliomba radhi, akaifungua tena. Ikajifunga palepale. Akairuka, akaweka inayofuata, ikaenda bila shida. Akarudi kwa ile ya Elisée, ikajifunga.

Minong'ono ikaanza kwenye mikeka. Elisée ndiye aliyempeleka mzee hospitali kwa gari lake, na ndiye aliyerudi peke yake. Tangu siku hiyo baadhi ya ndugu walikuwa wakimtazama kwa jicho la pembeni. Laurent, mdogo wa marehemu, aliinuka kwenye kiti chake akaja mpaka mezani.

"Mama Simone, juu ya nini inakufaka tu pa sura ya huyu?"

"Papa Laurent, ni mashini. Unipe wakati kidogo."

"Zingine zote zinatembea," alisema Laurent. "Yaya yangu, mukubwa wangu, hataki kuonekana naye."

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini wanawake wote wa karibu walisikia, na Elisée alisikia. Alikuwa amekaa na wanaume upande wa ukuta. Akainuka kama mtu anayekwenda kupokea simu, akatoka getini. Falonne alimwona. Hakuweza kumfuata, maana binti wa marehemu haondoki mkekani.

Simone aliizima kompyuta akaiwasha upya. Akaihamisha video kutoka kwenye flashi akaiweka ndani ya mashine. Akaifuta programu, akaishusha tena kwa megabaiti zake mwenyewe. Ikawa vilevile. Uchovu ukamkaa mabegani. Vilio vingi alivyopita vilimfundisha kwamba watu wenye uchungu hutafuta wa kumlaumu. Safari hii walikuwa wamempata kupitia kompyuta yake, na jambo hilo lilimwuma.

Mwishoni alimpigia Michée, anayefanya kazi kama hiyo upande wa pili wa mji. Michée alicheka kicheko cha mtu aliyechoka vilevile. Kompyuta yake ilikuwa ikimsumbua hivyohivyo tangu programu ijisasishe. Akamwuliza ile video ilitoka kwenye simu gani. Simone akamgeukia Falonne, naye akajibu kwamba ilitoka kwenye simu ya mumewe, ambayo ni mpya. Simu za ndugu wengine zilikuwa za zamani. Basi Michée akamweleza: simu mpya hubana video kwa namna mpya, na programu huitupia kadi ya picha iliyo ndani ya kompyuta kazi ya kuifungua. Kadi ya mashine kuukuu haiwezi kazi hiyo, na ikishindwa, programu nzima huanguka nayo. Aingie kwenye mipangilio, auondoe huo msaada wa kadi, kazi yote ifanywe na prosesa, ubongo wa kompyuta.

Kabla ya kugusa kitu, Simone alimwomba Falonne video nyingine yoyote iliyopigwa na simu ileile. Falonne akamwonyesha kwenye flashi moja ya mbwa wao akifukuza kuku. Akamwita Laurent aje aone, akaicheza. Ikajifunga.

"Papa Laurent, hapa hamuna muntu. Iko mbwa na kuku, na inakufa vilevile."

Laurent aliitikisia kichwa televisheni.

"Basi yaya anakataa hata telefone yake," alisema, akarudi kwenye kiti chake.

Simone aliingia kwenye mipangilio, akaiondoa alama ya msaada wa kadi, akaifungua programu upya. Feni ya kompyuta ikaanza kunguruma, mashine ikapata moto hadi mezani, lakini picha ikatembea.

Mzee Mwenze, ambaye macho yake yalikuwa hayaoni tena, amekaa uani. Elisée anachambua samaki wa Kasenga, anatoa miiba, anamwekea nyama kiganjani.

"Usinipe mwiba, mutoto."

"Nimetoa yote, papa."

"Hata juzi ulisema hivyo."

Wakacheka wote wawili, mzee akicheka mpaka akakohoa. Falonne alijifunika uso kwa kitenge. Laurent alitazama mpaka mwisho, kisha akamwomba Simone airudishe na aongeze sauti. Simone akairudisha. Hakuna aliyesema aitwe Elisée. Falonne alipompigia baadaye, alijibu kwamba yuko nyumbani, amelala.

Baada ya maziko Simone alirudi kuirudisha flashi, akamkuta Falonne peke yake akiosha masufuria. Falonne akamweleza kwamba mumewe alifika makaburini, akasimama nyuma ya watu wote, na Laurent alimpa mkono bila kusema kitu.

"Haiko mubaya," alisema Falonne. "Lakini ile neno ya Papa Laurent, bote balisikia."

Simone alitafuta la kumwambia, akaona mambo ya kadi na prosesa hayangemsaidia mtu hapo. Alimpa pole tu. Akaomba maji, akanywa ameketi kwenye ngazi, akinyoosha miguu. Falonne alimwambia apumzike zaidi. Simone akasema angependa, ila kulikuwa na kilio kingine mtaa wa Karavia, na walikuwa wameshampigia simu mara mbili.