Changu Bila Miiba

Mke wangu alipokwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, aliniachia binti yetu, ambaye alikuwa bado hajaanza darasa la kwanza, na friji ndogo iliyojaa samaki. Alikuwa amewasafisha wote, akawatia ndimu na chumvi, akawafunga mmoja mmoja kwenye karatasi ya nailoni. Alijua kwamba samaki hao wakiisha, mimi sitajua pa kuanzia.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, Changamwe. Nilizaliwa papa hapa, ila wazazi wangu walitoka Ukambani baba alipopata kazi bandarini, na nyumbani kwetu samaki alikuwa kitu cha kununua kimeshakaangwa. Mke wangu ni mtoto wa Likoni. Baba yake alikuwa mvuvi, Mungu amrehemu, na mama yake alilea watoto kwa samaki hao hao. Katika miaka yote ya ndoa yetu sikupata kumsaidia kusafisha hata dagaa. Alikuwa akisema namharibia mwendo.

Samaki wa kwenye friji waliisha. Nikapika maharage, nikapika ndengu, nikapika mayai. Binti yangu hakulia wala hakugoma. Alikuwa akila vijiko viwili, akisema ahsante baba, ameshiba. Nilipomvalisha nguo za chekechea asubuhi nilianza kuzihisi mbavu zake chini ya vidole vyangu. Ijumaa moja nikanunua samaki mzima, changu, kwa mchuuzi anayepita na baiskeli mtaani kwetu, nikamweka kwenye karai uani, nikangoja simu.

Mwajiri wa mke wangu alimruhusu kushika simu siku za Ijumaa tu, baada ya chakula cha mchana cha kwao. Mke wangu alipojitokeza kwenye kioo cha simu alikuwa amekaa sakafuni, pembeni ya mashine ya kufulia. Nikamwambia nina samaki, na sijui nimfanyeje. Alicheka mpaka akaziba mdomo kwa mtandio ili asisikike ndani. Halafu akaniambia nimgeuzie simu amwone.

Alimtazama samaki kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. Akauliza jicho lake likoje, kama limetokeza au limetumbukia. Akaniambia nimfunue shavu nimwonyeshe matamvua, nami nikafanya hivyo, yalikuwa mekundu. Aliporidhika, akaanza kunifundisha.

"Mtumbukize kwenye maji," aliniambia. "Ukimpaa nje ya maji, magamba yatakufika mpaka kwenye nywele. Anzia mkiani uende kichwani. Usimkandamize."

Nilishika kisu cha jikoni nikaparua. Magamba yaliruka pamoja na maji, yakanirukia usoni, na binti yangu akacheka kwa sauti kubwa kwa mara ya kwanza tangu mama yake aondoke. Nilipofika tumboni, mke wangu akaniasa nisizamishe ncha ya kisu, nipasue ngozi tu, kwani nyongo iko karibu. Nikaipasua nyongo. Maji ya kijani yakaenea juu ya nyama, na mkono wangu ukasimama. Nilipoinua macho nikamwona amegeuka pembeni anajipangusa macho. Nilidhani ni kicheko, kumbe sicho. Aliniambia nimwoshe samaki kwa ndimu upesi, na kwamba atalika. Kisha akaitwa, akakata simu bila kuaga.

Changu yule alikuwa mchungu upande mmoja. Tulikula ule mwingine.

Baada ya hapo kila Ijumaa tulikuwa na somo. Kazini nilitafuta kipande cha mbao, nikakipigilia vifuniko vya soda vilivyopinduliwa, meno yake yakawa nje, kikawa kifaa cha kupaa samaki kisichochana nyama. Kutoka kwenye bapa kuukuu la msumeno wa kukatia chuma nilitengeneza kisu, nikakinoa kwenye mashine na kukifunga mpini wa mti. Nilijifunza kutoa matamvua kwa mvuto mmoja, na kukwangua kwa ukucha ile damu nyeusi inayojificha chini ya uti wa mgongo, ambayo ndiyo hutia shombo. Mke wangu alinikagua kama mwalimu, na binti yetu alishika simu kwa mikono miwili ili mama aone vizuri. Mtoto alianza kula tena. Mashavu yakamrudia.

Halafu mwiba ukamkwama.

Ilikuwa mchana wa Jumapili. Aliacha kutafuna, akanitazama, akaweka mkono shingoni. Jirani alisema apewe tonge kubwa la ugali alimeze bila kutafuna. Alilimeza, mwiba haukwenda. Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati, na njia nzima sikumsikia akilia, nikawa namwita ili nijue kama anapumua. Kila nilipoita alijibu, "Abee, baba," kwa sauti nyembamba. Muuguzi alimmulika kwa tochi, akautoa kwa kibano, akanipa mkononi. Ulikuwa mdogo kama unywele wa mswaki. Nilikaa kwenye benchi la nje na mtoto mapajani.

Ijumaa nilimweleza mke wangu. Akasema watoto wa Pwani hufunzwa kuutafuta mwiba kwa ulimi kabla ya kumeza, na yeye ndiye aliyekuwa akimtolea mtoto miiba kwenye sahani, hakuwahi kumfunza. Nikamwambia sitamlisha samaki tena. Akakataa. Akaniambia niende kwa mama yake, kwani miaka mingi mama alikuwa akiuza minofu isiyo na mwiba hata mmoja kwa wapishi wa hoteli.

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Mama mkwe wangu hakutaka binti yake asafiri. Alikuwa amesikia habari za wasichana waliorudi wagonjwa, na wengine ambao hawakurudi. Siku ya kuagana hakuja uwanja wa ndege. Tangu siku hiyo nilikuwa nikimpelekea mjukuu wake wakati wa likizo, namwachia mlangoni, naye ananijibu salamu na kuingia ndani. Hata kabla ya hayo sikuwa mtu wa kukaa naye. Kwetu mkwe huheshimiwa kwa umbali.

Tulivuka kwa feri kwenda Likoni Jumamosi asubuhi, mtoto na mimi, na changu wawili kwenye kikapu. Nilimwamkia mama mkwe mlangoni. Aliitikia marahaba, akamkumbatia mjukuu wake, akangoja niondoke. Sikuondoka. Nilimweleza habari ya mwiba, yote, tangu tonge la ugali mpaka kibano. Alimvuta mtoto, akamfunua mdomo, akamtazama kooni kama aliyetarajia kukuta kidonda. Kisha akaniuliza samaki wako wapi.

Alitandika gunia bichi juu ya kibao ili samaki asiteleze. Alikiangalia kisu changu, akakipima kwa kidole gumba, akakirudisha. Alisema ni kizito, ni kisu cha kuchinjia ng'ombe, kisu cha minofu lazima kipinde kidogo kinapokutana na mfupa. Akaingia ndani akatoka na chake. Kilikuwa kimenolewa miaka mingi mpaka kimebaki chembamba kama jani la mnazi. Aliketi kwenye kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, nami nikachuchumaa mbele yake. Sikuwahi kuwa karibu naye kiasi kile.

Alikata mara moja nyuma ya shavu, kwa mshazari, mpaka kisu kikagusa mfupa. Hapo akakilaza. Akaingiza ncha mgongoni na kuivuta kuelekea mkiani kwa mkupuo mrefu, bila kukereza, na nikasikia kisu kikipita juu ya mifupa kwa mlio mwembamba. Aliniambia nisikilize huo mlio. Ukiusikia, uko mahali pako. Ukikoma, umeshaingia kwenye nyama. Mnofu ulifunguka kama ukurasa. Akautenga na mbavu, akaugeuza, akakishika kidole changu akakipitisha katikati ya nyama, na nikaihisi miiba midogo imejipanga, imelala upande mmoja.

"Hii ndiyo iliyomkwama mwanangu," alisema. "Haionekani. Hushikwa kwa kidole."

Yeye aliitoa kwa kucha. Kucha zangu ni za fundi, hazikufaa, lakini mfukoni nilikuwa na koleo ndogo ya kazini. Nikauliza kama naweza kuitumia. Aliitazama, akaiosha kwa sabuni, akanirudishia. Nikauvuta mwiba wa kwanza wima, ukaja na kipande cha nyama. Akanishika mkono kwa mkono wake wenye maji ya samaki, akauinamisha kule mwiba ulikolalia. Ukatoka mzima, nyama ikabaki safi.

Tuliendelea na kazi. Nilipofika upande wa pili wa samaki wa pili, peke yangu, na kisu kikawa kinalia vizuri, aliniuliza binti yake anakula nini kule. Nilimwambia ni wali na kuku, mabaki ya mezani. Katika nyumba ile hawapendi samaki. Akauliza analala wapi. Nikamwambia chumba cha kufulia, lakini kina mlango na ufunguo anao yeye. Akauliza kama nina hakika kuhusu ufunguo. Nikamwambia wallahi nimeuona, nilimwomba anionyeshe siku ya kwanza.

Aliendelea kuosha minofu. Kisha akasema, "Mimi sikukasirika nawe, baba. Ni khofu. Nilikuwa nikikuona wewe, naona pengo lake."

Nilimwambia kila Ijumaa huwa tunazungumza naye, na kama akipenda, sisi tutakuja huku azungumze naye pia, maana yeye hana simu ya picha. Alisema tuje mapema tupate samaki wa asubuhi.

Tukawa tunavuka kila Ijumaa. Nilimwomba bwana mwenye karakana nikawa nafidia saa zangu Jumapili. Mama na bintiye walizungumza, mimi nikiwa katikati yao na kisu, na mara nyingi walibishana kuhusu mkono wangu, huyu akisema kata hapa, yule akisema hapana, teremka. Nilitengeneza kisu kingine chembamba, na mama mkwe alipokipinda kikarudi sawa, alikichukua akakiweka jikoni kwake, akanipa chake.

Mkataba ulipoisha mke wangu alirudi. Tulimpokea wote watatu, mimi, mtoto na mama mkwe. Alikuwa amekonda, na mikono yake ilikuwa imepasuka kwa dawa za kusafishia, ngozi ikitoka kwenye viungo vya vidole. Nyumbani nilimwambia akae. Nilimpaa changu, nikatoa minofu, nikaipitishia kidole mara mbili, nikaikaanga na kumtengea. Alikula kipande kimoja, akatazama sahani, akatazama jikoni.

"Kichwa chake mmekitupa?" aliuliza.

Nilikuwa nimekiweka kwa ajili ya supu. Nikakikaanga na uti wa mgongo wake, na akakaa chini akavinyonya mfupa mmoja mmoja, macho amefumba, huku binti yetu akimhesabia miiba aliyotema ukingoni mwa sahani. Mama mkwe alimtazama mpaka alipomaliza, ndipo naye akaanza kula.

Nilidhani baada ya kupumzika atarudia kazi yake ya samaki. Hakuirudia, wala sikumwambia. Mikono ilipona polepole. Sasa Jumamosi mimi huketi uani na karai, na yeye huleta stuli akakaa nyuma yangu kidogo, hanisaidii. Ni wakati huo tu, nikiwa nimeinamisha kichwa na kisu kikipita juu ya mfupa, ndipo hunieleza mambo ya ile nyumba. Huyasema kidogo kidogo, leo habari ya bibi mzee wa mle aliyekuwa akimfundisha dua, Jumamosi nyingine habari ya siku aliyofungiwa nje kwenye jua. Mimi sigeuki. Nikimaliza samaki kabla yeye hajamaliza kusimulia, humwosha samaki tena.